Mtani, Jumuiya Imehamia Kwenye Simu

Mtani wangu Kasiani,

Usiniambie kwamba huko uliko umepumzika, maana ulipokuwa hai hukujua kupumzika wala kutuacha sisi tupumzike. Mimi bado nipo. Ule ukoo wako uliotaniana na wangu tangu enzi za mababu umebaki na watu wapole wasiojua hata kutukana, kwa hiyo sina wa kugombana naye. Siku ya kukuzika nililala kaburini, nikakataa usishushwe mpaka wanipe jogoo. Wakanipa, nikamla. Alikuwa mgumu kama wewe. Leo nakuandikia nikiwa na hasira, na barua hii naiacha wazi ili wanajumuiya wenyewe waisome, kwa kuwa wewe huna bando.

Unakumbuka zile jioni za kuamkia siku ya jumuiya? Katekista mzima, suruali umeikunja magotini, unapanda na kushuka mlima nyumba kwa nyumba, unapaza sauti kwenye migomba ya watu: "Kesho kwa Mama Fulani! Mje na rozari, msije na uvivu!" Mimi niko barazani nakwambia, "Redio ya mbao hiyo inapita." Nawe unajibu bila kusimama, "Redio ina kitufe cha kuzima, mimi sina. Kesho uje, mpagani wee." Nami nilikuja, hata siku nisizotaka, kwa sababu tulikuwa tumeonana macho kwa macho, na nisingeweza kusema sikusikia.

Sasa sikia yaliyotupata. Binti yangu anayekaa mjini, kule Msamvu, amenipa simu ya kupangusa. Mwenyekiti wa jumuiya siku hizi ni Deodati, yule uliyemfundisha ishara ya msalaba akawa kila siku anaanzia begani. Masika yaliyopita mto ulijaa, njia ikawa utelezi mtupu, Deodati akafungua grupu la Watsapu. Hapo sikugomba. Mvua ile hata wewe ungejikunyata ndani. Tukawa tunatumiwa somo, kila mtu anasali kwake, halafu anatuma vile vikono viwili vya manjano vilivyoshikana. Mvua ikaisha. Njia ikakauka. Watu hawakurudi. Walikuwa wameshagundua kwamba mtu wa kutuma vikono hahitaji kuoga.

Zamu ya kupokea jumuiya nyumbani ikamfikia mke wako. Mama Agnesi, kama hawakukwambia huko, aliteleza kwenye migomba akaumia nyonga, na kanisani hashuki tena. Anacho kile kisimu cha tochi tu, kisichoingia grupu lolote. Lakini zamu anaijua kichwani, akitoka jirani ni yeye. Siku hiyo nilimkuta uwanja umefagiliwa, mkeka umetandikwa, viti vimeazimwa, magimbi yako jikoni, na chai ya mdalasini inanukia mpaka njiani. Kavaa kile kitenge cha harusi ya Agnesi.

"Shemeji, hawajafika?"

"Bado. Wewe ndiye wa kwanza, maajabu ya Mungu."

Nikafungua simu. Deodati kaandika: "Leo jumuiya ipo kwa Mama Agnesi. Kila mmoja asali hapo alipo." Chini yake amina, amina, tupo pamoja, vikono, maua. Nikamsomea.

"Wako wapi?" akauliza.

"Humu."

Akaichukua ile simu, akaigeuza, akatazama mgongoni mwake. Akanirudishia. "Basi waambie magimbi yanapoa."

Sikucheka, mtani. Nawe unajua mimi hucheka hata msibani, ndiyo kazi yangu.

Wiki iliyofuata zamu ikaenda nyumba nyingine, humo humo simuni. Shemeji akaniambia, "Zamu yangu imepita na hakuna aliyekanyaga hapa. Nadhani hata nikifa watanizika humo."

Nikamfuata Deodati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mlango wa Mama Agnesi umeelekea wapi?"

"Aa, mzee wangu, siku hizi mambo ni mtandaoni. Hata paroko ametuhimiza tutumie mitandao."

"Kasema mtangaze humo, au kasema mhamie?"

"Lakini mahudhurio yamepanda, mzee! Siku ile ya Mama Agnesi hakuna aliyekosa."

Kasiani, nilitamani ufufuke kidogo tu, umchape, kisha urudi ulale.

Nikarudi kwa shemeji, tukapanga la kufanya. Nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, nikasema: "Tumsifu Yesu Kristo. Mimi, mtani wa marehemu katekista, natangaza. Kwa kuwa jumuiya imemtupa mjane, na kwa kuwa mtani ana haki zake, leo jioni namrithi. Godoro langu liko njiani." Mama Agnesi akanivuta mkono, akasogeza mdomo kwenye simu: "Nami nimekubali, ingawa ananuka ugoro." Nikatuma.

Grupu lilichacha! Siku hiyo hapakuwa na vikono wala maua, ni sauti tupu, za watu wanaohema kwa hasira. Na baada ya sauti ikaja miguu. Mama Tekla wa kwaya mbele, rozari kaishika kama fimbo. Deodati nyuma, jasho linamchuruzika mpaka shingoni.

"Mzee, huna haya! Mjane wa katekista!"

"Kwani mtani hana urithi?"

"Utani una mipaka! Godoro liko wapi?"

Wakachungulia mpaka jikoni. Mama Agnesi yupo kwenye kiti chake, kitenge kile kile. "Karibuni," akawaambia. "Leo ni zamu yangu. Wa mkekani akae mkekani, wa kitini akae kitini. Deodati, tuanzishie, na usianzie begani."

Walikaa, mtani. Wangekwenda wapi?

Deodati akatoa simu apige picha za kutuma. Shemeji akamnyooshea mkono: "Hiyo nipe. Nipigie Agnesi." Agnesi ni muuguzi, yuko Kigoma, hajapata ruhusa ya kuja tangu mama yake aanguke. Tukaiegemeza simu kwenye kopo la sukari dirishani, sura ya Agnesi imejaa pale, analia na kusali, anaitikia nyuma yetu kidogo kama mwangwi wa milimani. Hapo nilisalimu amri. Simu ilimleta aliye mbali. Sasa huyu Mama Tekla, ambaye kutoka kwake anasikia jogoo wa Mama Agnesi akiwika, simu imlete ya nini? Watangaze humo nyumba ya zamu, waseme nani anaumwa, mahubiri wamtumie aliyelazwa. Kisha waiweke mfukoni, wavae viatu. Mbona si jambo gumu?

Walipoondoka, shemeji akasema, "Cheza tena." Nikadhani anataka tangazo langu. "Hapana. Zile za wenzangu." Nikamchezea sauti za wale wote waliokuwa wakifoka: Mama Agnesi kapatwa na nini, Mama Agnesi wa watu, nani yuko karibu amwahi Mama Agnesi. Alisikiliza amefumba macho, mkono kwenye nyonga. "Kumbe jina langu wanalikumbuka," akasema. "Rudisha pale pa Mama Tekla."

Ungedhani wamepona. Jana Deodati kaandika tena: "Kutokana na manyunyu, wiki hii tusali kila mmoja hapo alipo." Manyunyu, Kasiani! Uluguru hii! Tungengoja manyunyu yaishe, wewe usingebatizwa mpaka leo.

Zamu imezunguka, wiki hii imerudi kwa mke wako. Nimepita asubuhi nimemkuta anamenya magimbi, viti ameshaagiza. Hajui kilichoandikwa, na mimi sikumsomea. Kwa hiyo Deodati, ukifika hapa kwenye kusoma, jua kwamba godoro nimeshalikunja na kulifunga kamba. Msipopanda nyinyi, litapanda lenyewe, na safari hii sitanii.

Nawe mtani usinune huko. Nani alikwambia ufe kwanza?

Mimi mtani wako,
uliyeniachia kelele zako zote.