Mkaa wa Magunzi na Uji wa Mama

Chanji, Sumbawanga
14 Februari 1993

Kaka Felisian,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Luciana anaota meno, halali, nami nasinzia huku namnyonyesha. Ila tu wazima. Wewe na baridi ya Praha mnaendeleaje?

Ombi lako la mtihani nimelielewa. Unataka mkaa wa magunzi ya mahindi, uusage, uupake kwenye bati la ndege, ili mawimbi ya rada yamezwe yasirudi na ndege isionekane. Na mpako huo ukiwa mzito kwa ndege, unafeli, unarudia mwaka. Kaka, usirudie! Mtoto habatizwi bila wewe. Nimeshamwambia Padri atusubiri mpaka Agosti.

Mkaa nimeuchoma mwenyewe, moshi umenitoa machozi. Mama anafunga kifurushi.

Mdogo wako,
Bertilla


Praha
2 Mei 1993

Mdogo wangu Bertilla,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama mpe shikamoo yangu, kisha umuulize: mkaa uko wapi? Nimefungua kifurushi mbele ya mwalimu, tukakuta unga wa ulezi! Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Mtihani ulikuwa wiki ile ile. Kwa unyonge nikabandika uji, nikazama kwenye mawazo. Ukaumuka, ukaungua, ukabaki ukoko mweusi wenye matundu kama mkate, mwepesi kama manyoya ya kuku. Nikaenda nao hivyo hivyo. Tukaupiga mawimbi ya rada, yakarudi machache mno! Yanazunguka ndani ya vile vitundu mpaka yanakwisha, yanabaki joto tu.

Nimefaulu. Nakuja Agosti. Nikuletee nini?

Kaka yako,
Felisian


Chanji, Sumbawanga
11 Juni 1993

Kaka,

Shikamoo, na hongera! Sisi wazima, Luciana ana meno mawili na anang'ata. Nilipofika kwenye "nimefaulu", Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani.

Nikamuuliza, "Mama, mkaa wangu?"

"Niliumwaga. Mwanangu yuko ugenini, nimtumie masizi? Watasema kwao hakuna chakula!" Halafu akanuna. "Ila uji wangu ameuunguza?"

Mambo ya rada hataki hata kuyasikia. Mtamalizana wenyewe. Ila kuja uje, Padri sitamwomba tena.

Umeuliza uniletee nini: nguo nyeupe ya ubatizo, ya mtoto mnene, soksi za sufu za Mama, chupa ya chai, ile yangu imevunjika, na kipande cha ukoko. Mama anataka aone kwa macho yake ulivyomharibia unga.

Mdogo wako,
Bertilla