Waliofuturishwa Darini

Jumatatu, 3 Ramadhan

Nimetoka kusomesha, nimepanda darini na rula kabla ya kuvua buibui. Paipu arubaini za mchanga, kila moja na mmea wake wa jangwani. Mimea ishirini naimwagilia kila siku. Ishirini yenye kitambaa chekundu inapata maji ya kikombe kimoja cha kahawa kila baada ya siku kumi. Hii ya kiu inatakiwa ipunguze majani na iteremshe mizizi. Shahada yangu yote imekaa hapo. Nimechoka, na mwezi ndio kwanza umeanza.

Jumapili, 9 Ramadhan

Majani ya vitambaa vyekundu yananenepa. Kwa maji gani? Nimekagua nailoni ya juu inayoikinga na mvua, haivuji. Mvua yenyewe haijanyesha.

Jaribio la kwanza liliozeshwa na masika. La pili lililiwa na kunguru. Hili ni la tatu. Msimamizi wangu hana subira tena, na simlaumu.

Ijumaa, 14 Ramadhan

Makundi mawili hayana tofauti. Nimepima mara mbili, isipokuwa michache iliyobanwa nyuma ya tangi la maji. Labda mbegu ni mbovu. Labda mbovu ni mimi, mwalimu wa miaka arubaini na mbili anayejifanya mwanafunzi.

Nimemkaripia Mama kwa sababu ya chumvi kwenye uji. Alichukua birika lake akapanda kutawadha, kama kila jioni, maana anapenda upepo wa juu. Magoti yake mabovu, ngazi zinamtesa, na bado anapanda. Nimeona aibu.

Jumatatu, 17 Ramadhan

Nimejua.

Mama alichelewa kushuka, adhana imekaribia, nikamfuata. Nilimkuta ameinama na birika, anamimina maji yaliyobaki kwenye udhu wake. Kitambaa chekundu kimoja baada ya kingine. Mingine hakuigusa.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Nnawafuturisha," alisema. "Mie nimefunga, adhana ikilia nnakunywa. Hawa wamekosa nini?"

Tangu mwezi mosi Ramadhan. Kila siku. Alidhani nimeisahau mimea, kisha akaona vitambaa akadhani nimeiadhibu. Sikuwahi kumweleza. Miezi miwili naishi na jaribio hili nyumba moja na yeye, na sikumwambia hata neno.

Nilishuka nikafuturu maji matupu. Nimelia jikoni, juu ya bakuli la tambi. Nina hasira naye na sina pa kuipeleka.

Jumamosi, 22 Ramadhan

Ningeweza kubuni namba. Najua zinavyotakiwa kuonekana. Nani atapanda darini kwangu kuhakiki? Nilijaza safu nzima leo, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nimeichana karatasi. Nimemwandikia msimamizi kila kitu, birika na futari ndani yake. Barua ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ijumaa, 6 Shawwal

Jibu limekuja. Nirudie mara moja, ya mwisho. Ikishindikana, basi.

Nimeanza kung'oa. Mizizi ya wote mifupi, wavivu walioshiba. Kisha nikafika nyuma ya tangi. Huko kulikuwa na vitambaa vyekundu vitano ambavyo Mama hakuvifikia, magoti yalimkatalia. Juu, mmea urefu wa kidole. Nilipopasua paipu, mzizi ulikuwa umefika chini kabisa na kujizungusha kwa kukosa njia.

Mitano haitoshi shahada. Hata hivyo nilimwita Mama.

Aliuweka mzizi mapajani, akaupima kwa shibiri. Nne na kitu. Akapima tena.

"Na mie nlikuwa nnamuona anakufa," alisema.

Nilimwambia kosa ni langu, ningemweleza mapema. Akaniambia niache maneno, nikaandike hiyo shibiri nne.

Alhamisi, 19 Shawwal

Mbegu mpya zimeota. Paipu arubaini. Mwili wote unaniuma kwa kubeba mchanga.

Mama alipanda kabla ya magharibi, akatawadha. Maji yalibaki kwenye birika. Akasimama mbele ya vitambaa vyekundu.

"Zamu yao lini?"

"Jumanne, Mama."

Akaenda kumwagia mrehani wake. Kisha akarudi, akaketi nao hadi adhana, birika tupu ubavuni.