Nyuki Hawajaambiwa

Kerzevel, 14 Mei 1968

Goulven, mjukuu wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, isipokuwa kifua cha babu yako. Redioni wanasema wanafunzi wa Paris wanang'oa mawe ya barabara. Huku mawe tunayatoa shambani kila mwaka na hakuna anayetutangaza. Natumaini uko kwenye magari yako kiwandani, si kwenye ujinga huo.

Babu yako hajataja jina lako tangu Mwaka Mpya, ulipomwambia mezani kwake kwamba Jenerali amezeeka, aondoke kwenye urais. Unamwambia hivyo mtu aliyevuka bahari wakati wa vita kumfuata huyo huyo Jenerali. Na mdomo wako umejaa nyama aliyokupa yeye.

Sikuiti. Nakujulisha tu kwamba anakohoa.

Bibi yako, Soazig


Paris, 16 Mei

Bibi, shikamoo,

Mimi mzima. Na sisi tumegoma. Tumefunga geti tuko ndani, tunalala kwenye viti vya magari ambavyo havijafungwa. Najua utanigombeza.

Babu mpe pole. Lakini alinifukuza kwa mdomo wake, aniite kwa mdomo wake. Akiniita nakuja hata kwa miguu. Nyuki wake wanaendeleaje?

Mjukuu wako, Goulven


Kerzevel, 21 Mei

Goulven,

Barua yako imefika, ya mwisho kabla posta nao hawajaingia kwenye mgomo wenu. Nakugombeza, ndiyo. Viti vya magari.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi babu yako kauliza, "Yule mjinga wako yuko wapi?" Nikamwambia yuko Paris, analala kwenye viti. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie aje. Mizinga ni yake. Nikifa, awaambie nyuki yeye, si wewe. Wewe umenisemea miaka yote."

Basi umeitwa, kwa mdomo wake. Njoo. Unajua mwenyewe: mrithi wa mizinga asipoigonga kwa ufunguo wa nyumba akawaambia bwana wao kafa, nyuki hawakai.

Karani wa posta kaitia barua hii guniani. Kasema itaondoka.

Bibi yako, Soazig


Paris, 29 Mei

Bibi, shikamoo,

Hamjambo? Tangu nilipowaandikia sijapata hata neno. Mwenzangu Lucien alipata petroli ya pikipiki, akaniambia, "Panda, nikufikishe kwa mzee wako." Nikamwambia sijaitwa. Jana kaondoka peke yake kwenda kwao.

Basi, mzee hataki. Nimeelewa.

Goulven


Kerzevel, 8 Juni

Goulven,

Hujambo. Mimi nakula, nalala.

Posta wamefungua. Leo nimepata yako ya tarehe 29. Yangu ya tarehe 21 nadhani nawe umeipata leo. Tazama tarehe kabla hujakimbilia koti.

Babu yako alikufa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana, siku mbili baada ya kukuita. Kesho yake Jenerali alisema redioni, nikaiwasha pale kitandani pake. Shangazi yako akaniambia nina wazimu. Jenerali hakusema kitu cha maana. Gari la maiti halikuwa na petroli, tukampeleka kwa mkokoteni wa farasi wa jirani Tanguy. Viazi vilikuwa vimebaki ndani, vikawa vinabingirika njia nzima.

Mizinga nimeifunga vitambaa vyeusi. Kuwaambia sikuwaambia. Alisema wewe, basi wewe. Kila asubuhi nilikwenda na ufunguo mfukoni, nikasimama, nikarudi. Tanguy akaniambia, "Soazig, gonga tu, nyuki watajuaje ni mkono wa nani?" Nikamwambia ashughulike na farasi wake.

Jumatano niliweka sikio. Mizinga yote mitatu kimya.

Wanasema mmeongezwa mshahara. Vizuri. Nunua viatu.

Treni zimeanza. Njoo ukipenda, polepole tu. Ufunguo nimeutundika msumarini, pale pale.

Bibi yako, Soazig