Bega Limepona, Mke Amenyamaza

Mshauri mpendwa, nisaidie, ingawa najua foleni yako ina wenye shida nzito kuliko yangu. Mimi ni mzee, fundi wa kujalidi vitabu, na kwa kuinamia meza maisha yangu yote niliota fundo chini ya bapa la bega la kulia, gumu kama kokwa, na tangu tuhame kwetu, mimi na mke wangu tukiwa bado vijana, kila jioni amekuwa akinikalisha kwenye kigoda, akipaka dawa ya kuchua na kulikanda fundo hilo kwa vidole gumba, nami nikiwa nimempa mgongo tukizungumza habari za mtaa tuliouacha, duka la vitambaa lilikuwa upande gani, ngazi za jirani zilikuwa za mbao au za mawe, tukibishana na kucheka, na yale ambayo ana kwa ana tusingeyathubutu, kama habari za mtoto tuliyemzika kule, tuliyasema hapo.

Mwaka huu binti yetu alinipeleka kwa mtaalamu wa viungo, msichana mpole. Alipapasa, akalipata fundo, akachoma sindano nyembamba kama unywele, isiyo na dawa yoyote ndani, msuli ukaruka wenyewe kama kope linapoguswa, kisha ukalegea. Nilirudi mara kadhaa, nikapewa na mazoezi, na sasa bega ni zima. Siku ya kwanza nilifika nyumbani na furaha yangu, nikamtania mke wangu: "Mama, yule msichana kamaliza kwa dakika chache kazi iliyokushinda wewe miaka yote."

Alicheka kidogo. Tangu hapo kigoda kiko juu ya kabati. Jioni anakaa na redio yake, kikombe kakishika kwa mikono miwili, na chupa ikigoma kufunguka humpelekea jirani amfungulie, kana kwamba mimi simo nyumbani. Nikajaribu kudai kwamba maumivu yamerudi. Akaja, akabonyeza mara moja, akasema, "Fundo halipo, mzee. Usinichezee." Juzi nilimuuliza kama anaikumbuka rangi ya mlango wetu wa kule. "Kamuulize mwenye sindano," akanijibu.

Je, niache mazoezi, fundo lirudi, nimpate mke wangu?

Mjalidi

Jibu la mshauri

Baba, pole, na hongera kwa bega. Mazoezi usiache. Sindano hiyo, ikishikwa na mtu aliyeisomea, huwasaidia wengi, wala si yenyewe iliyoinyamazisha nyumba yako. Ni ule utani. Mwanamke amekukanda miaka yote hiyo ili kesho yake uweze kusimama mezani, wewe ukamwambia kazi ilimshinda. Halafu ukaongeza na uongo wa maumivu. Kwa umri wako na vitabu vyote ulivyovishika, baba, nilitarajia zaidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Bega umelieleza hadi ugumu wake. Ya mke wako nimeyaokota mwenyewe: kikombe kwa mikono miwili, chupa kwa jirani. Mimi si daktari, lakini nadhani vidole gumba vyake vinamuuma, na havikuanza jana. Huenda alikukanda vikiuma, akanyamaza, maana angesema, mazungumzo yenu yangekwisha. Wewe ulikuwa umempa mgongo, usingeona.

Sasa fanya hivi. Muombe radhi kwa maneno kamili, bila mzaha. Mpeleke mikono yake ikaangaliwe. Asichomwe sindano kwa sababu tu wewe ilikufaa, apimwe kwanza. Jioni teremsha kigoda, umkalishe yeye. Keti nyuma yake, umkande mabega polepole, kwa mkono ule unaoshikia karatasi kuukuu, na umuulize anaumwa wapi. Akijibu, usimkatize. Asipojibu, endelea kukanda.

Rangi ya mlango ataitaja mwenyewe.