Majani ya Bi Hoa

Yeoville, Johannesburg
20 Februari 2026

Mpendwa dada Biubwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote hapo Tanga. Goti lako linaendeleaje? Ulipata ile dawa ya kuchua? Sisi tu wazima wa mwili, ila moyo wangu umechoka, na wa kumweleza ni wewe.

Unamkumbuka Bi Hoa, yule mjane wa Kivietnamu wa mtaa wa Observatory ninayemuuzia majani ya mgomba. Kila Mwaka Mpya wao, Wavietnamu wenzake hujazana uani kwake, huyu na choroko, yule na kamba, wakafunga mikate ya mchele wa kunata kwa majani hayo huku wakitaniana. Mimi Bi Hoa hunifungia wa choroko tupu na kuuchemsha katika sufuria ya peke yake, maana yao ina nguruwe.

Mwaka huu mwanawe, Tuan, na kamati yake wakakodi ukumbi mjini. Wapishi wa kulipwa wakafunga mikate jukwaani, Wavietnamu wenyewe wakakaa vitini wanapiga picha. Tuan alimwambia mama yake, "Mama, huu sasa ni urithi wa jamii nzima, si wa uani kwako." Eti jamii. Hao waliokuwa wakijazana uani walikuwa nani, kuku?

Bi Hoa hakubishana. Nilimsindikiza ukumbini, akakalishwa mbele kama mgeni wa heshima. Alipoinuka kuomba jani naye afunge, wakamrudisha kitini kwa adabu zote. Niliona aibu, dada, nikainamia simu yangu.

Mkesha wenyewe wa Mwaka Mpya alitandaza majani uani kama kawaida, akaosha mchele, tukangoja. Hakuja mtu. Kwao sherehe ilikwisha fanyika. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniua. Alisema tu mwakani nisimpelekee majani.

Nami nikawaza nyimbo zetu za mwali, ulizobaki kuzijua wewe peke yako. Binti yangu Nusaiba nikimwimbia, ananijibu Kizulu. Sioni pa kushika.

Nisalimie shemeji Mwadini na Mayasa na wanawe. Mungu akuponye goti, na azitakabali saumu zenu.

Usiku ule Bi Hoa alifunga mkate mmoja tu, wa choroko. Jana nimefuturu nao, na machozi yananitoka.

Mdogo wako akupendaye,
Saida