Simu Isiyoitikia Salamu

Jumanne, 8 Machi 1966
Zamu ya asubuhi tena hapa kwenye mitambo ya simu. Masikio yaniuma. Mama kapiga mara mbili kutoka nyumbani Kibokoni. Akiinua tu simu, mmoja wetu humwitikia. Kasalimiana na mwenzangu Rukia, kaulizia watoto wake mmoja mmoja, ndipo akaniomba mimi. Msimamizi kanuna. Na anune! Mama ana pumu, na mchana yuko peke yake. Simu ile ndiyo salama yangu.

Alhamisi, 10 Machi
Simu za mjini sasa zajiunganisha zenyewe. Sisi tumebakishiwa za mbali tu. Fundi katuletea nyumbani simu mpya, ya kuzungusha nambari. Nimemfunza Mama mpaka koo limekauka: inua, zungusha nambari ya kazini kwangu, ngoja. Nambari zenyewe azijua. "Nimefahamu, mwanangu, usinichoshe."

Jumamosi, 12 Machi
Nusura nimpoteze. Pumu imembana mchana, nami niko kazini. Jirani yetu Bi Shumi kamsikia akikorota, kamkuta sakafuni. Simu iko mahali pake, imewekwa vizuri kabisa. Daktari kamdunga sindano. Yu hai, Alhamdulillahi.
Nami nikamfokea mgonjwa: mbona hukupiga? Kageukia ukutani. Nina hasira, sijui na nani.

Jumapili, 13 Machi
Leo sikumfunza kitu. Nimemwomba anioneshe alivyofanya jana. Akainua simu. "Asalaam aleikum." Akangoja. Simu yavuma tu, vuuu. Akangoja tena, akairudisha taratibu.
"Haiitikii. Nitaingiaje kwa mtu hajaniitikia hodi?"
Nikakaa chini. Umri wote huu Mama hajavuka kizingiti cha mtu kabla ya kuambiwa karibu. Walioiunda simu hii hawakumfikiria mtu kama yeye.
Nikamwambia, Mama, huo mvumo ndiyo karibu yake. Ndivyo inavyoitikia.
"Ah! Si ungesema."

Jumatatu, 14 Machi
Nimemsimulia fundi. Kacheka, ati wazee watazoea. Nikamwambia azoee yeye kwanza kukaa bila pumzi. Hakucheka tena.

Ijumaa, 18 Machi
Mchana simu ya meza yetu imelia. Nikaiwahi. Ni Mama. Sauti yake safi, anapumua vyema.
"Imeniitikia mara moja. Kumbe ina adabu."
Nikamuuliza, una haja gani, Mama?
"Salamu tu."
Nimejifuta macho, nikampa Rukia simu aulizwe watoto.