Yai Hapandi Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hata humu nimekuwa nikiandika "lile jambo" tu. Leo naliandika: mdogo wangu ana kifafa.

Basi. Limeandikika.

Mama amenikataza kusema. Kule tulikokuwa tunakaa zamani mdogo wangu alianguka uani mbele ya watu. Kuanzia siku ile, kila akitoka nje, majirani waliwaita watoto wao ndani. Kikombe alichonywea kwa jirani kilitupwa jalalani — nilikiona. Tukahama. Hapa hakuna anayejua. Mama ametangaza kwamba mwanawe anaogopa tu kupanda juu. Ni ili asipande tangi la maji katikati ya ua, kifafa kisije kikamshika akiwa juu. Watoto wote hupanda ngazi yake kushindana kugusa mfuniko.

Jumanne, 4 Machi

Wamempa jina. Yai! Aliyeanza ni Kamanda, mtoto wa mama fundi cherehani wa chumba cha kwanza. "Jamani, msimsukume Yai, atamwagika!" Ua mzima ukacheka, wakubwa kwa wadogo. Mama alikuwa anaanua nguo, akacheka nao. Lakini nguo aliyoianua aliianika tena.

Tukiwa tunakula mdogo wangu akaniuliza, dada, mimi mwoga? Nikasema hapana. Sasa mbona mama anasema hivyo? Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Mimi, ninayesifiwa insha!

Alhamisi, 6 Machi

Alfajiri ameanguka tena. Kitandani, nashukuru. Dawa anakunywa, lakini daktari alisema haziondoi yote.

Jioni mama fundi alikuwa anamtania dereva wa chumba cha pili. Jino limemvimbisha shavu na hataki kung'olewa. "Shemeji, mficha maradhi kilio humfichua!" Watu wakaangua kicheko. Ndoo ikaniponyoka — nilidhani nasemwa mimi. Fundi akauliza, vipi mwanangu, hujala? Nikasema nina mtihani. Uongo umeanza kunizoea.

Nikamwomba mama tumwambie fundi, yeye peke yake. Kutwa yuko nyumbani na cherehani yake, sisi hatupo. Mama akasema anayecheka nawe leo ndiye atakayekufungia mlango kesho. "Tuhame tena? Twende wapi?" Akalia.

Jumamosi, 8 Machi

Amepanda!

Natoka dukani na sabuni, namkuta yuko nusu ya ngazi. Chini watoto wanaimba, "Yai! Yai!" Nikatupa sabuni, nikakimbilia ngazi. Fundi ndiye aliyewafokea wote, akamshusha.

Mdogo wangu akaninong'oneza: kesho mama akiwa kazini nitafika juu kabisa, utaona. Macho yanang'aa. Sijamwona na furaha hivi tangu tuhamie hapa. Furaha hiyo inanitisha kuliko ngazi yenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameenda kazini, kufua mashuka ya hoteli. Mdogo wangu akavaa raba. Nikamwambia aningoje. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyengoja.

Nikaenda kwa fundi. Nikaganda mlangoni mpaka akasema, "Ingia basi, au umekuja kupima mlango?" Nikasema yote kwa pumzi moja — ugonjwa, dawa, kikombe, mama. Cherehani ikanyamaza. Akatoa pini mdomoni moja moja. Kisha akauliza, akianguka tunamtia kijiko mdomoni? Hapana, nikasema, mdomoni hatutii kitu. Tunamlaza ubavu, tunaondoa vya kumuumiza, tunakaa naye. Akayarudia, kama mtu anayepokea vipimo vya gauni.

Halafu akatoka nje. "Kamanda! Njooni hapa wote!"

Sikumwomba hivyo! Nilimwambia yeye tu!

Wakaja mbio, mdogo wangu nyuma yao. Fundi akamshika bega, akawaeleza. Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza, inaambukiza? Fundi akanitazama mimi. Ikabidi niseme, mbele ya ua mzima: haiambukizi. Kamanda akauliza, kwa hiyo siyo mwoga? Mdogo wangu akalia kwa hasira, akakimbilia ndani. Mama mmoja wa chumba cha nyuma akamwita mwanawe. Mmoja tu, mpaka sasa.

Nimegonga, mdogo wangu hafungui. Kamanda amekaa kwenye kizingiti chetu, hataki kuondoka.

Mama hajarudi. Nimebeba kigoda, nimekuja kukaa getini, ili alisikie kwangu kabla ya mtu mwingine.